Mawe ya Mnandi Yalipozama

Nilimwambia mama yangu asihame, kwamba ziwa litarudi mahali pake. Halikurudi. Huo ndio upumbavu wangu wote, na mtu mwenye haraka anaweza kuishia hapa akaenda zake, sitamlaumu. Lakini nilikosea kwa bidii. Nilikosea kwa kukaa juu ya jiwe kila asubuhi mpaka matako yakafa ganzi, nikitazama maji na ndege kama mtu aliyetumwa na serikali. Kosa lililotolewa jasho namna hiyo linastahili kuelezwa vizuri.

Boma letu lilikuwa kusini ya Sindo, pale ambapo vilima vya Gwasi vinashuka mpaka ziwani bila kuacha nafasi ya mchanga. Wenzetu wa mchangani walikuwa na mitumbwi mingi na soko. Sisi tulikuwa na mawe, meusi, makubwa kama ng'ombe waliolala, yakiingia majini moja baada ya jingine. La mbali kabisa tuliliita jiwe la mnandi. Ndege hao weusi wa kupiga mbizi walilikalia mchana kutwa wametandaza mabawa yakauke, na mavi yao yalikuwa yamelipaka chokaa kutoka kileleni hadi kwenye maji. Chokaa ilipoishia ndipo ziwa lilipoanzia. Mstari huo nilizaliwa nikaukuta. Mvua ikinyesha ulipanda kiganja, jua likiwaka ukashuka kiganja, basi.

Baba alikufa nikiwa bado shule ya msingi, akazikwa mbele ya nyumba ya mama, akielekea ziwani, na msalaba wa mbao kichwani. Dada zangu waliolewa mbali. Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee, na nilisoma mpaka kidato cha pili. Wenzangu walipotoka shule walishika njia: mmoja mashamba ya chai, mwingine reli, mwingine akaenda Kisumu akarudi na viatu vyenye ncha. Mimi nilirudi na sanduku lile lile nililoondoka nalo. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba mwana wa pekee hawezi kumwacha mama mjane. Lilikuwa jibu la heshima, na lilinifaa sana, kwa maana mimi nikilala nje ya kwetu hata usiku mmoja tumbo huniuma.

Kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kutazama. Kiangazi, mawe yakiwaka moto, mijusi wenye vichwa vya buluu walitokea wakipiga pushapu juu yake kama askari wa gwaride, na kila mmoja alikuwa na jiwe lake. Akikanyaga jiwe la mwenzake ni vita. Ikifika chwiri, mvua kubwa ya Machi, samaki aina ya ningu waliacha ziwa na kupanda mito, na korongo wakapanda nao kwa miguu, taratibu, kama wakwe wanaokwenda kula. Katikati ya mwaka upepo wa baridi ulileta mawimbi na fisi maji walicheza kwenye nyufa, wakivunja kaa kwa meno, krak, krak, hata ndani ya nyumba tuliwasikia. Septemba walikuja ndege wadogo wa miguu myembamba kutoka nchi za watu, wakikimbia ukingoni wakitingisha mikia kana kwamba wamechelewa kazini. Halafu opon, mvua ndogo, na wadudu wa ziwa waliopanda kutoka majini kama nguzo za moshi. Wakija upande wako unafunga mdomo, hata kama ulikuwa katikati ya sala.

Haya yote niliyafahamu, na niliona kuyafahamu ni kazi. Aliyekataa kuyaona hivyo ni jirani yetu, mke wa mtoto wa baba mkubwa. Kwetu mke wa ndugu kama huyo ni shemeji, na shemeji ana ruhusa ya kukutania mpaka utoke jasho. Alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwa letu, kwenye mawe yaliyokuwa karibu na langu.

"Shemeji," aliniuliza kila asubuhi, "leo umeajiriwa na ndege gani?"

"Furukombe."

"Analipa?"

"Analipa kwa kupiga kelele."

"Basi ni kama mume wangu," alisema, akaendelea kugeuza omena zake.

Opon ya mwaka sitini na moja haikujua kuacha. Ilinyesha mpaka Krismasi ikapita, na chwiri ikaikuta bado iko njiani. Watu waliiita mvua ya Uhuru, kwa kuwa Uhuru ulikuwa unangojwa na kila kitu wakati ule kilibandikwa jina hilo. Ziwa likapanda kiganja kama kawaida. Likapanda cha pili. Chokaa ya mnandi ikaanza kuliwa kutoka chini. Mwaka uliofuata lilipungua kidogo, likajuta, likapanda zaidi, na mwaka wa Uhuru wenyewe mawe madogo yote yalikuwa yamezama na jirani alikuwa anaanika omena juu ya nyavu kuukuu nyuma ya nyumba yake.

Wanyama waliniambia. Pimbi, wale wanaofanana na panya mnene asiye na mkia, waliacha mapango yao na kupanda kilimani na watoto. Mimi nikasema wamefukuzwa na mbwa. Mijusi waliokuwa na jiwe kila mmoja wakajikuta kumi kwenye jiwe moja, wakipigana tangu asubuhi. Mimi nikasema mwaka huu wamezaana vizuri. Kenge akahamia kwenye ukuta wa jiko la mama. Nikasema anapenda mayai. Kati ya wote nilichagua kumwamini mmoja tu, fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kishungi kisogoni, anayejenga kiota kikubwa cha vijiti ambacho mtoto anaweza kulala ndani. Alikuwa amejenga kwenye mti mfupi ukingoni kabisa. Nikasema: huyu ni fundi, ana akili, angejenga hapo kama maji yangefika? Nikachukua lami ya kuzibia mitumbwi nikachora mstari kwenye jiwe lililo chini ya shamba letu la mtama. Nikamwambia mama, maji hayatapita hapa.

Sasa nieleze kwa nini mstari wa lami wa kijana mmoja asiye na kazi ulikuwa na uzito.

Kwetu boma halihamishwi kama gunia. Mwenye boma hutoka alfajiri na jogoo, mwanawe wa kiume ameshika shoka, mkewe anafuata na moto. Wakifika mahali papya nyumba inasimamishwa siku hiyo hiyo, na jioni moshi lazima utoke. Bila mwanamume hakuna boma. Jirani yetu alipoona maji yamefika mlangoni, mumewe alimtafuta jogoo, wakapanda mlimani, na kesho yake alikuwa ananitania kutoka juu badala ya pembeni. Lakini mjane hawezi, hata akiwa na mwana mkubwa wa kiume. Mjane ni lazima kwanza apate jater, mwanamume wa ukoo wa marehemu atakayemrithi na kusimama mahali pa mume. Asipofanya hivyo akajijengea tu, ukoo unasema chira itaingia, ule ugonjwa wa kukonda unaokula watoto na wajukuu kwa sababu desturi imevunjwa.

Mama alikuwa amekataa kurithiwa tangu wiki aliyozikwa baba. Jater alikuwepo, tena alikuwa mvumilivu: mzee mmoja wa ukoo, mwenye wake wawili na kikohozi kimoja kisichoisha. Kila baada ya mavuno alipita kusalimu, akanywa uji, akatazama ghala, akauliza kwa upole kama mama ameshafikiria. Mama alimwonyesha kaburi kwa kidevu.

"Nina mume. Yuko hapo nje."

Alisali kanisani kila wiki, alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili, na kanisa lilikuwa limekataza urithi wa wajane waziwazi. Anayekubali jater anafutwa. Mama alipenda kuimba kuliko kula. Basi kama ziwa lingerudi, angebaki mahali alipo, na mumewe na nyimbo zake. Kama halingerudi, angelazimika kwenda mahali, na njia ya kwenda ilipita mikononi mwa mzee yule wa kikohozi.

Kasoro njia moja. Kiangazi kilichofuata Uhuru, wazee wawili wa kanisa walikuja kumwona. Walikaa kwenye kivuli cha nyumba, kofia magotini, na yule mrefu akasema:

"Mama, mabati yapo, na vijana wa kujenga wapo. Kiwanja cha kanisa kiko kule juu, karibu na barabara. Hicho ni cha Mungu, si cha ukoo. Tukikujengea pale si boma, ni nyumba tu. Hakuna atakayedai shoka wala jogoo, kijana wako atabeba kitanda chako tu, na huyo mzee hatakuwa na neno."

Mama akashika shavu. Niliona anataka. Nasema niliona, kwa sababu baadaye watu walinihurumia wakidhani sikujua. Nilijua.

"Lakini mtuambie wiki hii," mzee akaongeza. "Wengine pia wameingiliwa na maji."

Mama akanigeukia. "Nyathina," akasema, yaani mtoto wangu, "wewe ndiye unayekaa na haya maji. Unasemaje?"

Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame, lakini mtu aliyefika kidato cha pili hawezi kujibu swali kama hilo amekaa. Nikawachukua wazee mpaka kwenye lami yangu. Kwa bahati mbaya jua lilikuwa kali miezi ile na maji yalikuwa yameshuka kiganja kizima. Mstari ulikuwa umekauka, unang'aa.

"Mnaona?" nikasema. "Maji hupanda, maji hushuka. Ni majira. Shuleni tulisoma hivyo kwenye jiografia. Na tazameni yule fundichuma, amejenga pale chini kabisa. Mnyama hawezi kujenga mahali pa kufa."

Mzee mrefu akatazama kiota, akanitazama mimi.

"Fundichuma ana mabawa, kijana. Mama yako ataruka?"

Nikacheka kwa adabu. Kiwanja cha kanisa nilikuwa nimeshakipitia wiki ile. Kilikuwa kitupu, cha udongo mwekundu, kando ya barabara yenye vumbi, na kengele ya shule ingekuwa inalia sikioni. Hakukuwa na jiwe hata moja la kukalia. Kutoka pale ziwa ulikuwa unaliona kama kipande cha bati mbali.

Tuliporudi kivulini mama aliniuliza kwa macho, nami nikatikisa kichwa kama daktari.

"Amesoma," mama akawaambia wazee. Alisema kwa fahari, na hiyo fahari ndiyo sijaisahau. "Mabati yawasaidie wenye shida zaidi. Mimi nitakaa."

Chwiri ya mwaka ule iliingia mwezi wa tatu na haikubisha hodi. Lami ilizama wiki ya kwanza. Nikasema ni mawimbi. Mtama ukasimama majini mpaka kiunoni, na samaki wadogo aina ya fulu wakawa wanazunguka kwenye mashina yake kana kwamba ni sisi tuliowapandia. Kiota cha fundichuma kiling'oka siku ya upepo kikapita mbele yangu kikielea, kizima, vijiti vyote mahali pake, kazi safi kabisa ya fundi. Mwenyewe alikuwa juu ya paa letu anapiga kelele.

Nyumba ya mama haikuanguka kwa kishindo. Udongo wa ukutani ulilowa kutoka chini, ukavimba, ukaachia fito polepole, na alasiri moja paa la nyasi likakaa juu ya maji kama kofia ya mtu aliyezama. Tulikuwa tumeshatoa vyungu, nguo, kuku, na kitabu cha nyimbo. Kijumba changu karibu na lango kilifuata baada ya siku chache. Mama alisimama kwenye mvua akitazama upande wa kaburi. Mawe tuliyokuwa tumeyapanga juu yake hayakuonekana tena, ni msalaba tu uliobaki juu ya maji.

Na juu ya msalaba akaja kutua mnandi. Jiwe lao lilikuwa limezama lote, chokaa na kila kitu, sasa wanatafuta pa kukausha mabawa. Akayatandaza pale, huku na huku, kwa utulivu. Nikaokota jiwe nikamtupia. Nikamkosa. Akaruka, akazunguka, akarudi kutua palepale.

"Mwache," mama akasema. "Yeye naye hana kwao."

Desturi haimruhusu mama kulala katika nyumba ya mwanawe, hata kama mwanawe angekuwa na nyumba. Jirani yetu alimpokea kule juu, akamtandikia jikoni kwake kati ya kuni na vikapu vya omena. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa kabla matope hayajakauka miguuni. Yule mrefu alinisikiliza mpaka mwisho. Mabati yalikuwa yamegawiwa. Kiwanja kilikuwa kimejaa familia kutoka ufuo mzima, wengine wamejibana wawili wawili chumba kimoja. Hakunikumbusha maneno yangu. Ningependa angenikumbusha.

Mama akalala jikoni kwa watu chwiri yote. Wanawake wa ukoo wakaanza kunong'ona kwamba mjane asiye na boma analeta chira, na mtoto wa dada yangu mkubwa alipougua surua kunong'ona kukawa kusema. Mama alikuwa akisema haiogopi chira. Baada ya surua ile hakusema tena.

Mzee wa kikohozi alipokuja, hakuja kwa majivuno. Laiti angekuja hivyo, ningepata mtu wa kumchukia. Alikaa mlangoni mwa jiko, akapokea uji, akauliza kwa upole ule ule kama mama ameshafikiria. Mama hakumtazama. Alikuwa akiichambua mboga, akaichambua mpaka ikaisha, akachambua hata majani mabovu.

"Haya," akasema.

Alfajiri ya siku ya kuhama mzee alitangulia na jogoo kwapani. Jogoo alimnyea koti, na mzee akajifanya hajui. Mama alikuja nyuma na moto kwenye kigae, akiukinga na upepo kwa kiganja. Katikati nilikuwa mimi, mwana wa pekee, na shoka begani. Hakuna mwingine ambaye angeweza kulibeba. Nilikata nguzo ya kwanza mwenyewe, na nilipiga vibaya, shoka likaruka mara mbili, mpaka mzee akaniambia kwa upole nishike chini zaidi. Ukoo ulikuja kusaidia, kuta zikapigwa udongo, nyasi zikapandishwa. Jioni moshi ulitoka. Watu walipiga vigelegele, wakala, wakaenda zao. Mzee hakwenda.

Wiki iliyofuata mzee mrefu wa kanisa alifika, kofia mkononi, akasimama nje ya lango kwa kuwa hakutaka kuingia. Alimweleza mama kwamba jina lake limefutwa. Mama alimshukuru kwa kutembea mbali. Tangu hapo, siku ya ibada, nyimbo zilipokuwa zinashuka kutoka kanisani, mama alikuwa anafagia ua ambao alikuwa ameshaufagia asubuhi. Sauti ya pili ilikuwa imepwaya. Mimi sijui muziki, lakini hata mimi nilisikia.

Mzee alikuwa anakuja siku zake, anakohoa, anakula, anaondoka. Hakumpiga, hakumtukana. Mama alimpikia. Nikiwapo alimwita "mgeni".

Kiangazi kilipokuja nilirudi ukingoni. Niseme nini tena, mimi ni mtu wa nyumbani, na hapo ndipo nyumbani palipokuwa. Ukingo mpya haukuwa wa mawe. Ulikuwa wa majani yaliyooza na miti iliyokufa imesimama majini bila jani. Lakini mnandi walikuwa wameipata ile miti. Walikuwa wengi kuliko zamani, na matawi yalikuwa yameshaanza kuwa meupe. Fisi maji walikuwa na watoto. Ndege wadogo wa miguu myembamba walikuja mwezi ule ule wanaokuja siku zote, wakakuta ufuo wao haupo, wakakimbia kwenye matope kana kwamba hawakuona tofauti. Nilisimama pale nikasikia kitu kama furaha, nami nikataka kumpa mtu.

Jirani alikuwa karibu, anatandaza omena kwenye nyavu, ameinama. Nikamwendea. Nikamwonyesha miti, nikamwambia kwamba mnandi wamepata makao mapya, kwamba mijusi wamegawana vichuguu badala ya mawe, kwamba ukitazama vizuri kila kitu kinajipanga tena, majira ni yale yale, ni mahali tu pamesogea. Nilieleza kwa urefu. Alinyooka taratibu, akajifuta magamba ya omena kwenye kanga, akanitazama bila kucheka, na yeye huwa haniangalii bila kucheka.

"Shemeji, wacha mambo ya ndege. Mama yako ameolewa na yule mzee kwa sababu wewe hukutaka kubeba kitanda."